Fizi Zinazotoa Damu Hutibiwa Bila Kisu

Utafiti wa kwanza wa kitaifa kuhusu afya ya kinywa nchini Rwanda, uliochapishwa mwaka 2018, ulikuta ugaga kwa asilimia 60 ya watu wazima, na asilimia 70 ya waliochunguzwa hawakuwahi kumwona mhudumu wa meno. Ugaga hauumi, ndiyo maana huachwa. Juu yake hujengeka utando wa vijidudu. Ufizi huvimba, hutoa damu, kisha huachana na jino, na mfupa unaolishika hulika polepole. Mtu hushtuka jino likianza kucheza, na hapo huomba ling'olewe. Sisi tunasema, kwa wagonjwa walio wengi ugonjwa huu hutulizwa kwa kusafisha tu, bila kupasua ufizi.

Mwaka 1965, watafiti nchini Denmark waliwaomba vijana wenye fizi nzima waache kupiga mswaki. Ndani ya wiki tatu fizi za wote zilivimba. Waliporudia mswaki, zilipona kwa takriban wiki moja. Kwa hiyo anayeuacha mswaki kwa kuogopa damu anaulisha ugonjwa. Uvimbe ukishashuka chini, mswaki haufiki. Tabibu huingiza kati ya jino na ufizi kipimo chembamba chenye alama za milimita: mpaka 3 ni kawaida, 4 na zaidi ni mfuko wa kusafishwa. Hupiga ganzi, kisha hukwangua ugaga kwenye mzizi kwa chuma chenye ncha iliyopinda, au kwa mashine ya mtetemo. Baada ya miezi mitatu hivi hupima tena. Mifuko inayobaki na milimita 6 au zaidi ndiyo huweza kuhitaji upasuaji. Mfupa uliokwisha kulika haurudi wenyewe, na hilo tusimfiche mgonjwa.

Wapo wanaosema kukwangua hulegeza meno. Kilicholegeza ni mfupa uliolika. Ugaga ulikuwa umeziba pengo tu. Maji ya chumvi hutuliza, lakini hayang'oi ugaga, na antibiotiki peke yake haipenyi utando huo vizuri. Wengine hutaja wazee waliozeeka na meno yao bila tabibu. Ni kweli wapo. Sri Lanka, vibarua 480 wa mashamba ya chai, wasio na huduma ya meno, walifuatiliwa miaka 15 kuanzia 1970: asilimia 11 hivi hawakuvuka uvimbe wa fizi, asilimia 8 waliharibikiwa haraka, waliobaki polepole. Mchuma chai wa Shagasha, nchini Rwanda, hawezi kujua mapema yuko kundi lipi.

Mkazi wa Nkungu, huko huko Rwanda, mwenye bima ya afya ya mituweli aanzie kituo cha afya, aombe rufaa ya hospitali, na aulize huko bima inalipia nini. Mwenye kisukari au mvuta tumbaku asichelewe, na mjamzito asiogope kutibiwa. Fizi zikitoa damu wiki mbili huku unapiga mswaki vizuri, nenda, usingoje maumivu.