Nani Aliyemwua Rosa? Kezilahabi na Uchokozi wa Riwaya Yake ya Kwanza

Euphrase Kezilahabi alizaliwa mwaka 1944 kijijini Namagondo, kisiwani Ukerewe, na kufariki dunia Januari 2020. Riwaya yake ya kwanza, Rosa Mistika, ilichapishwa mwaka 1971, ikapigwa marufuku katika shule za Tanzania. Lawama ilikuwa utovu wa maadili: msichana wa shule anazini, anatoa mimba, hatimaye anajiua. Makala haya yanashikilia kwamba uchokozi wa riwaya hii hauko hapo.

Tumtazame Zakaria, babake Rosa. Ni mlevi anayewachunga binti zake kwa fimbo. Anapoipata barua ya mvulana, anampiga Rosa vibaya sana. Rosa anakua akiwaogopa wanaume pasi na kuwajua, kisha anakwenda shule ya bweni, mbali na jicho la baba. Msimulizi hafichi makosa ya msichana huyu. Ila baada ya kifo, baba na binti wanakabiliana mbele ya Mungu, na swali la nani mkosaji linamrudia mlezi. Mhakiki anayeiona kazi hii kuwa onyo kwa wasichana pekee ameisoma nusu.

Katika riwaya za Shaaban Robert, mhusika kama Utubora hubeba wema hata katika jina lake, na msomaji hujua wa kumwiga. Kwa Kezilahabi hapana wa kuigwa. Kazimoto wa Kichwamaji (1974), msomi wa chuo kikuu, naye anajiua. Mwaka huohuo diwani ya Kichomi, yenye mashairi huru, iliwachokoza watetezi wa vina na mizani. Nagona na Mzingile zilizofuata baadaye zinauvunja hata msuko wenyewe. Huo, kwa maoni yetu, ni uchokozi wa falsafa ambao wachache huufikia.

Zakaria ndiye anayetufikia sote. Mwanafunzi wa Njukini, karibu na mpaka wa Tanzania, hana haja ya kuvuka ili amwone: mzazi anayemlipia binti karo kwa jasho, akamfungia mlango, asimwambie neno juu ya mwili wake. Marufuku ile iliondolewa baadaye, na riwaya ikafundishwa madarasani. Mwalimu anayeifundisha leo na aanze na ile barua, na kipigo kilichoifuata, kabla ya kuufikia mwenendo wa Rosa.