PRINTA INATOA MADUDE? USINUNUE NYINGINE KABLA HUJASOMA HII

Leo ni zamu ya printa ndogo za risiti, zile tunazochapia jina la mteja, namba yake na mzigo unakoenda. Hiyo karatasi isiposomeka, boda anapeleka mzigo kwa mtu mwingine na hela ya kuurudisha inatoka mfukoni kwako.

Printa inawaka, karatasi inasogea, ila yanatoka madude: alama za kuuliza na herufi za ajabu. Wengi wanaambiwa kichwa kimekufa. Sio lazima. Kichwa kikifa, karatasi hutoka nyeupe au ina michirizi. Madude mara nyingi maana yake kompyuta na printa hazijakubaliana namna ya kuongea.

ZINAONGEAJE?
Kwenye poti ya COM, biti zinapita moja moja kwa foleni. Pande zote lazima zijue mambo manne. Ukiona 9600,n,8,1 ndo hayo: spidi ya biti 9600 kwa sekunde, hakuna pariti (biti ya kukagua makosa), biti 8 za data, biti 1 ya kufunga. Ongeza 1 ya kuanzia, kila herufi inakula biti 10, yaani herufi 960 kwa sekunde. Kompyuta ikituma kwa 9600 na printa ikasikiliza kwa 19200, biti moja inasomwa kama mbili. Hapo lazima yatoke madude.

HATUA
1. Zima printa. Shikilia kitufe cha FEED huku unaiwasha. Printa nyingi hutoa karatasi ya kujipima. Ikisomeka vizuri, kichwa ni kizima. Tafuta palipoandikwa Baud na Parity.

2. Kwenye kompyuta ya Windows fungua Device Manager, sehemu ya Ports. Soma namba ya poti, mfano COM3. Kama printa haimo hapo, imekaa kama printa ya USB ya kawaida, spidi sio tatizo lako.

3. Funga programu ya mauzo. Fungua Command Prompt, andika:
mode COM3
Utaona mipangilio iliyopo. Kuibadilisha ifanane na ile karatasi:
mode COM3:9600,n,8,1

4. Jaribu:
echo HABARI > COM3
Likitoka neno safi, printa ni nzima kabisa.

5. Hapa ndo wengi wanakwama. Unafungua programu ya mauzo, madude yanarudi! Sababu ni kwamba programu ikifungua poti huwa inaiita Windows yenyewe: GetCommState kuuliza mipangilio iliyopo, SetCommState kuweka ya kwake. Ya kwako inafutwa. Kwa hiyo ingia kwenye mipangilio ya printa ndani ya programu, uweke namba zilezile za kwenye karatasi.

NYONGEZA
Risiti fupi ziko safi ila ndefu zinakatika katikati? Spidi iko sawa. Printa inajaa na kompyuta haisikii ikiambiwa "subiri". Angalia kama karatasi inasema DTR au XON/XOFF, kisha chagua hiyohiyo kwenye programu.

Chapa karatasi moja ya majaribio kabla boda hajafika. Hifadhi posti hii, na kama umekwama andika kwenye komenti karatasi yako inasema Baud ngapi.