Mkono wa Askari katika Barabara Kuu: Somo kwa Vijiji vya Nanyala

Wasomaji wetu wa Nanyala, katika wilaya ya Mbozi, hawana haja ya kuelezwa barabara kuu ni kitu gani. Yapita mbele ya milango yao, ikitoka Dar es Salaam na Mbeya, ikienda Vwawa na Tunduma, na toka huko hata Zambia na Kongo. Mchana na usiku malori hupita yamechukua mafuta, mbolea, saruji na shaba. Wanaujua pia mteremko wa Senjele, ambako mwezi wa Februari 2019 lori na basi dogo yaligongana, wakafa watu wengi. Leo twataka kueleza jambo ambalo watu huliona kila siku bila kulitazama, nalo ni hili: askari wa usalama barabarani, yule aitwaye trafiki, awezaje kulisimamisha lori kwa mkono mtupu, na kwa nini mara nyingine hawezi.

Kwanza yapasa kujua mzigo unaosimamishwa. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 imeweka tani 56 kuwa mwisho wa uzito wa gari pamoja na shehena yake. Lori lendalo kilometa 80 kwa saa hupita mita 22 katika sekunde moja. Dereva aonapo mkono umeinuliwa, sekunde moja au zaidi hupita kabla mguu wake haujakanyaga breki, na katika muda huo gari halijapunguza mwendo hata kidogo. Tena, mwendo ukizidishwa mara mbili, nafasi ya kusimamia breki zikisha kushika haizidi mara mbili tu, bali mara nne. Waalimu waweza kuwapa wanafunzi hesabu hii wakaipima kwa kamba uwanjani; watoto watastaajabu. Na mteremkoni mambo huwa mabaya zaidi, kwani breki zilizokanyagwa kwa muda mrefu hupata moto hata zikaacha kushika, na dereva asiyeingiza gia ndogo tangu juu hana msaada mwingine.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya askari ni kuchagua mahali pa kusimama, wala si kuinua mkono. Askari mwenye akili hasimami nyuma ya kona, wala chini kidogo ya kilele cha mlima, ambako dereva atamwona amekwisha kumfikia. Husimama pale ambapo dereva wa mbali humwona, amevaa sare yake nyeupe, na usiku kizibao kinachong'aa pamoja na tochi; na tangu mwanzo amekwisha kutazama njia ya kukimbilia ikiwa gari halitii. Haingii katikati ya njia kabla gari halijaanza kupunguza mwendo. Humtazama dereva usoni, humwonyesha kwa mkono kwamba ni yeye aambiwaye, kisha huinua mkono wazi, kiganja kikimwelekea. Amri hiyo ni ya gari lijalo mbele yake. Mkono ulionyoshwa kando, sawa na bega, huwazuia wajao nyuma yake. Filimbi huita macho tu. Mkono ndio utoao amri, na amri mbili za askari wawili wasiopatana ni hatari kuliko kutokuwapo askari kabisa.

Mkono huo una nguvu kupita taa na vibao. Mapatano ya mataifa yaliyofanywa Vienna mwaka 1968 yasema hivyo waziwazi: amri ya askari hushinda alama ya barabarani, hata taa ikiwa ya kijani. Sababu yake si ngumu, kwani taa haioni gari lililopinduka. Na hata taa yenyewe ilianza mkononi mwa askari. Taa ya kwanza iliyowekwa London mwezi wa Desemba 1868 iliwaka kwa gesi, na askari ndiye aliyeigeuza. Mwezi uliofuata gesi ikalipuka ikamjeruhi.

Sasa tuseme lori limeharibika au limeanguka mteremkoni, na upande mmoja tu wa barabara ndio ulio wazi. Hapa ndipo ufundi huonekana. Hutakiwa askari wawili, mmoja kila mwisho, na magari huachiwa kwa zamu, upande mmoja baada ya mwingine. Lakini askari wa chini hamwoni mwenzake wa juu. Atajuaje kwamba gari la mwisho limekwisha kupita? Hutumia simu, akaambiwa namba ya gari hilo, au dereva wa mwisho hupewa kijiti akakikabidhi mwisho wa pili. Bila kijiti kufika, hakuna anayeachiwa. Wako madereva wanaoudhika kwa kungoja kijiti. Sisi twaona heri kungoja.

Tena, magari yatokayo juu yazuiliwe juu kabisa, mahali palipo tambarare, kabla hayajaanza kuteremka. Foleni ikiachwa isimame katikati ya mteremko, lori lijalo nyuma likikosa breki halitakuta barabara bali litakuta ukuta wa watu na magari. Twaamini kwamba ajali ya pili ya namna hii ndiyo inayofaa kuogopwa zaidi, kwa sababu huwakuta watu waliokuja kusaidia.

Na hapa wenyeviti wa vijiji, watendaji na vijana wa bodaboda wana sehemu yao. Mara nyingi wao hufika kabla ya askari. Mtu mmoja apige simu 112 kwa polisi, na 114 ikiwa kuna moto au mafuta yamwagikayo. Aseme jina la kijiji, namba ya nguzo ya kilometa iliyo karibu, na upande uliozibwa. Wengine wawili wenye nguo za rangi ya kuonekana waende juu na chini, mbali sana na ajali, wapite pembeni, wala wasitembee lamini. Huko wapunge kitambaa kuwaonya madereva na kutandaza matawi, kama desturi ilivyo. Askari akisha kufika, waache mikono yao chini wamfuate yeye. Mwenye bodaboda asipenye kando ya malori yaliyosimamishwa, kwani dereva wa upande wa pili aliyeachiwa kuja hamtazamii.

Lori la mafuta likianguka, watu wote waondoke, na asiwepo wa kuja na ndoo. Tarehe 10 Agosti 2019, huko Msamvu, Morogoro, lori la namna hiyo lilipinduka, watu wakakusanyika kuchota petroli, ikalipuka. Waliokufa walipita 100. Malori kama hilo hupita Nanyala kila siku.

Kwa watoto wa shule, kiganja cha askari si ruhusa ya kuvuka mara moja. Wangoje hata magari ya pande zote mbili yamesimama, askari awaite, ndipo wavuke pamoja bila kukimbia, mwalimu akiwa upande wa magari. Lori lililosimama huficha pikipiki ijayo nyuma yake, na mtoto mfupi haonekani.

Gari likisha kuondolewa, kazi haijaisha. Mawe yaliyowekwa nyuma ya magurudumu na matawi yaliyotandazwa mara nyingi huachwa barabarani, na usiku jiwe moja latosha kumwangusha mwenye pikipiki. Mwenyekiti na ateue watu wa kuyaokota yote mchana ule ule, kabla askari hajaondoka, naye awazuilie magari wakati wanapoyaokota.