Usiogope Kuwachelewesha: Njia ya Jebel Shams kwa Aliyevuka Sitini

Leo nasema na nyinyi mliovuka sitini, wenye mtoto, mdogo wenu au mpwa Maskati. Najua ratiba mnazopangiwa: soko la Mutrah, ngome ya Nizwa, kisha kukaa ndani kwenye kiyoyozi mpaka siku ya kurudi. Mtu ambaye kila siku anakwenda kwa miguu msikitini, sokoni na kwenye shughuli za watu, akifika Oman anageuzwa mgonjwa wa kulindwa. Mimi nataka muombe kitu kingine. Ombeni kupelekwa Jebel Shams.

Ndio mlima mrefu kuliko yote Oman, una mita kama 3,000. Ubavuni mwake kuna korongo la Wadi Nakhr linaloshuka karibu kilomita nzima kutoka ukingoni. Kutoka kijiji cha Al Khitaym inaanza njia ya miguu inayofuata ukuta wa korongo hilo mpaka As Sab, kijiji kilichohamwa, chenye nyumba za mawe zilizojengwa chini ya mwamba na vijishamba vya ngazi vilivyokuwa vikilimwa pembeni mwa shimo. Waendaji wanaiita W6. Kwenda tu ni kama kilomita 4, na mawe yamepakwa alama za rangi njia nzima. Sehemu kubwa ni tambarare kwa kiasi, na mbuzi wa wenyeji wanapita bila wasiwasi. Lakini upande mmoja ni ukuta na upande wa pili hakuna kitu. Mwenye kizunguzungu cha urefu asijilazimishe hata hatua moja.

Sasa nisikilizeni kwa jambo la maji, kwa sababu sisi watu wa pwani ndilo linalotudanganya. Unguja, Mombasa au Tanga ukitembea jua kali, nguo inalowa na unajua kwamba mwili umetoa maji. Kule milimani hewa ni kavu, jasho linakauka kabla hujaliona. Unajipapasa shingo, kavu, unajiambia hujachoka wala huna kiu, kumbe umepoteza maji vilevile. Juu ya hayo, umri ukisonga kiu yenyewe inachelewa kutoa taarifa. Kwa hiyo usingoje kiu. Beba lita 3 zako mwenyewe, unywe mafunda machache kila baada ya dakika ishirini hivi, na ule kitu chenye chumvi: korosho, karanga, au pakiti ya ORS kwenye chupa moja. Maji matupu kwa wingi bila chumvi nayo yana hatari yake. Yanaweza kuizimua chumvi ya damu mpaka mtu achanganyikiwe. Njiani hakuna duka.

Wenye presha, tazameni vidonge vyenu. Baadhi vinakojoza, na vingine vinafanya kichwa kizunguke ukiinuka ghafla. Pale ukingoni hilo si jambo dogo. Zungumza na daktari wako kabla ya safari, umweleze hasa unakwenda kutembea saa kadhaa juani, naye atakwambia asubuhi ile ufanye nini. Usijipunguzie dozi mwenyewe. Mwenye kisukari abebe tende na kipimo chake, na sindano za insulini zisiachwe ndani ya gari lililoegeshwa juani.

Magoti yanaumia zaidi kwenye kushuka. Fimbo mbili za kutembelea zinapunguza mzigo ule, na zinakupa mguu wa tatu na wa nne kwenye kokoto. Wengi wetu tuna miwani ya kusomea na kuonea mbali ndani ya kioo kimoja. Ukitazama chini kupitia ile sehemu ya kusomea, jiwe la mguuni linakuwa ukungu. Vaa miwani ya kuonea mbali peke yake. Viatu viwe vimeshazoea mguu, kucha ziwe fupi. Mazoezi yaanze miezi miwili kabla, kwenye ngazi: panda na kushuka, siku nne kwa wiki, taratibu. Ukishafika Maskati, jipime kwanza kwenye kile kinjia cha zamani cha Riyam hadi Mutrah. Ni kifupi, lakini kina mpando wa kweli na mawe ya kweli, na kitakwambia ukweli kuhusu magoti yako.

Msimu ni Oktoba hadi Machi. Kalale huko huko mlimani usiku wa kuamkia safari, na ubebe sweta zito, maana usiku wa Januari baridi yake inakaribia kugandisha maji. Anzeni saa moja asubuhi. Saa nne ikifika, popote mlipo, geukeni. As Sab ni nusu ya kazi, na kwenda huko mnateremka kidogo, kwa hiyo mpando unakusubiri wakati umechoka na jua limepanda. Mkisikia mvua imetabiriwa, ahirisheni. Mabonde ya Oman yanajaa ghafla na barabara ya kurudi inayavuka. Na kama umefunga, safari hii ingoje.

Nimeliweka mwisho linaloniuma zaidi. Wazee wetu wengi hawadondoki kwa sababu ya umri. Wanadondoka kwa sababu ya haya. Mjukuu yuko mbele anapiga picha, mkwe anatazama saa, na mama wa watu anaona aibu kusema "ngojeni". Anaharakisha, hanywi maji ili asilazimike kutafuta mahali pa kujisitiri, anaficha kwamba kifua kimembana. Hapana, dada yangu. Hapana, kaka yangu. Kabla hamjatoka, sema mbele ya wote: mimi ndiye nitakayetangulia, na mwendo ni wangu. Mwendo sahihi ni ule unaoweza kuzungumza nao sentensi nzima bila kuhema. Kifua kikibana, kichwa kikiuma kwa nguvu, au ukiacha kutoka jasho huku ngozi ina moto, kaa kivulini useme hapo hapo.

Na nyinyi watoto mnaowasomea wazazi ukurasa huu, msiwaburute wala msiwafungie ndani. Iwekeni Jebel Shams katikati ya safari, mwili ukishazoea, si siku ya mwisho kabla ya ndege. Nambari ya dharura ya Oman ni 9999. Iandikeni kwenye karatasi, kila mmoja aitie mfukoni.