Takriri na Taharuki: Kilumi cha Wakamba na Krautroki ya Wajerumani

1. Utangulizi

Wanafunzi wa fasihi wameizoea takriri kama mbinu ya ushairi: neno, silabi au mshororo hurudiwa ili kutia mkazo na kujenga mahadhi. Ni nadra, hata hivyo, takriri kuchunguzwa kama nguvu inayoweza kumtikisa msikilizaji hadi akapoteza hisi ya wakati. Makala hii inakusudia kuichunguza nguvu hiyo kwa kulinganisha fani mbili zilizo mbali kijiografia: ngoma ya kilumi ya Wakamba, na muziki wa roki wa majaribio uliochipuka Ujerumani Magharibi mwishoni mwa miaka ya 1960. Hoja yetu ni kwamba kinachotisha si takriri yenyewe, bali kukosekana kwa mtu wa kumpokea aliyetikiswa.

2. Kilumi na mwaka wa 1911

Jina la Konza huwakumbusha wengi mji wa teknolojia ambao ujenzi wake ulizinduliwa Januari 2013, au makutano ambapo tawi la Magadi huachana na reli ya Mombasa na Nairobi. Lakini nchi hiyo ya Ukambani ina kumbukumbu nyingine. Kilumi ni ngoma inayoongozwa hasa na wanawake wa makamo na wazee. Huchezwa kuomba mvua na kuwatibu walioingiwa na aimu, yaani mizimu. Kiongozi hutoa wimbo, wenzake huitikia, na ngoma hushikilia mdundo wake kwa muda mrefu hadi baadhi ya wachezaji wakapagawa.

Mwaka 1911, wilaya ya Machakos ilikumbwa na wimbi la ngoma za namna hii. Siotune wa Kathuke na Kiamba Mutuaovio waliligeuza kuwa wito wa kuwakaidi watawala. Wakuu wa kikoloni waliuona kuwa wazimu wa kuambukiza. Wakawakamata viongozi hao na kuwahamishia mbali na kwao. Tazama basi jinsi jina linavyofanya kazi: mkutano wa watu wenye malalamiko ukiitwa ugonjwa, malalamiko yao hayahitaji jibu.

3. Krautroki

Neno "kraut", lenye maana ya kabeji kwa Kijerumani, lilikuwa kejeli ya Waingereza na Wamarekani dhidi ya Wajerumani wakati wa vita. Waandishi wa muziki wa Uingereza walilibandika kwenye roki ya vijana waliozaliwa karibu na Vita vya Pili vya Dunia, vijana ambao hawakutaka kuuiga muziki wa Marekani wala kuurithi wa wazazi wao. Hapa pia jina limetoka nje.

Mfano mzuri ni albamu ya Tago Mago ya bendi ya Can kutoka Köln, iliyotoka mwaka 1971 katika santuri mbili. Katika wimbo wa "Halleluhwah", unaozidi dakika 18, mpiga ngoma Jaki Liebezeit hudumisha mzunguko mmoja karibu mwanzo hadi mwisho. Holger Czukay, aliyewahi kuwa mwanafunzi wa mtunzi Stockhausen, alizikata na kuziunga kanda za uchezaji wao mrefu. Wimbo wa "Aumgn" huenda mbali zaidi: mdundo hupotea, na sauti ya mtu huvutwa hadi ikawa mlio usio na maneno. Kwa upande wao, Tangerine Dream katika Zeit (1972) waliuondoa kabisa mdundo wa ngoma.

Athari yake inaelezeka. Sikio hutazamia badiliko. Lisipolipata, huanza kusikia tofauti ndogo mno, na dakika hukosa alama za kupimia. Sauti ya binadamu isiyo na maneno nayo humwacha msikilizaji akitafuta maana asiyoipata.

4. Tofauti ya msingi

Fani zote mbili hutumia takriri. Hata hivyo, kilumi kina uwanja, sababu, na wazee wanaojua dalili za aliyepagawa na namna ya kumrejesha. Pwani nako, katika kupunga pepo, mganga humwongoza mteja hatua kwa hatua. Msikilizaji wa santuri yuko peke yake chumbani. Hakuna amwitikiaye, wala amshikaye mkono. Taharuki yake inatokana na upweke huo.

5. Suala la msamiati

Kiswahili kina maneno ya hali hizi, na yasichanganywe. Midadi ni mvuto wa furaha unaomwingiza mtu uwanjani. Jazba ni mpando wa hisia ambao mwenyewe bado anautambua. Bumbuazi ni kuganda kwa mshangao. Kupagawa ni kutawaliwa na kinachoaminiwa kuwa pepo. Kwa mtazamo wetu, kilumi huanza kwa midadi na kuishia katika kupagawa. "Aumgn" humpeleka msikilizaji moja kwa moja kwenye bumbuazi. Mhakiki anayesema tu kwamba muziki huu ni wa "wazimu" anarudia kosa la wakuu wa 1911.

6. Hitimisho

Takriri hufungua mlango. Jamii ndiyo inayojua njia ya kurudi. Wanawake wanaoijua njia hiyo Ukambani ni wazee. Kuwahoji na kuhifadhi istilahi zao ni kazi inayofaa tasnifu za wanafunzi wetu, kabla mikusanyiko yao haijabaki katika ripoti za waliowaita wagonjwa.

Maswali ya mjadala

(a) Je, takriri ya ushairi simulizi inaweza kutenganishwa na mwili wa msikilizaji?
(b) Tofautisha midadi na jazba kwa kutumia ngoma ya jamii yako.