SOMO: NIA IPO, MIGUU HAITAKI

Somo la mwezi huu twalianza kwa kuungama. Tulipokuwa tukifundisha shule ya msingi, mtoto aliyechelewa tulimzungusha uwanja mara tano. Aliyesahau daftari aliruka kichura. Tuliona ni adhabu nyepesi kuliko fimbo, wala hatukufikiri zaidi. Hivi karibuni mmoja wa watoto hao, ambaye sasa ni mama mwenye wajukuu, alitusimamisha nje ya kanisa. Baada ya shikamoo akatueleza kuwa daktari amemwagiza atembee kila siku kwa ajili ya shinikizo la damu. Akasema, "Mwalimu, nimekosa nini tena hata nizungushwe uwanja?"

Tulicheka naye, lakini neno lile lilitukaa moyoni. Chuoni tulisoma habari za Pavlov, mtaalamu wa Urusi, na mbwa wake. Mbwa aliposikia mlio kila mara kabla ya kupewa chakula, mwisho mate yalimtoka kwa mlio peke yake. Sisi tulifanya vivyo hivyo kwa watoto, ila mahali pa chakula tuliweka aibu. Na jambo kama hilo likishaingia, cheti cha daktari hakiwezi kulifuta kwa siku moja. Ajabu ni kwamba watoto hao hao alfajiri walikimbia mchakamchaka wakiimba, vumbi likitimka, wala hakuna aliyenung'unika. Mbio ni zile zile.

Tena tusiwe wepesi kumwita mwenzetu mvivu. Daniel Lieberman wa Chuo Kikuu cha Harvard, katika kitabu chake cha mwaka 2020, ameeleza kuwa tangu kale binadamu alijisumbua kwa haja ya chakula au kwa mchezo, na nguvu zilizobaki alizitunza. Wahadzabe wa karibu na Ziwa Eyasi hutembea sana wakitafuta mizizi, asali na nyama. Hata hivyo uchunguzi uliotolewa mwaka huo huo ulionyesha kuwa hupumzika kama saa 10 kwa siku, ingawa mara nyingi wamechuchumaa, na misuli yao haikulala.

Kisha kuna macho ya watu. Mzee akitembea kwa miguu huulizwa kama nauli imemwishia. Mama akipita barabarani amevaa raba, atasemwa. Na akipungua mwili, majirani huanza kunong'ona anaumwa nini, kwa kuwa miaka ya UKIMWI ilitufundisha kuogopa wembamba. Hofu hiyo tusiidharau.

Mtume Paulo, katika Warumi 7, amemweleza mtu alitakaye jema asilitende. Wachunguzi wa siku hizi nao wamekuta kwamba karibu nusu ya watu wanaokusudia kufanya mazoezi hawayafanyi. Mwaka 2002 huko Uingereza ilitolewa habari ya wanafunzi waliosomeshwa juu ya hatari za ugonjwa wa moyo. Katika kila 100, ni 35 tu waliofanya mazoezi juma lililofuata, nao hawakuwazidi wale ambao hawakusomeshwa. Lakini kundi lililosomeshwa na pia kuandika siku, saa na mahali, walifanya 91. (Sisi walimu, pamoja na makasisi wetu, tuitafakari hiyo 35!)

Shirika la Afya Duniani hutaka mtu mzima apate angalau dakika 150 kwa juma za mwendo wa kadiri, yaani uweze kuzungumza lakini kuimba kukushinde. Asiyeweza zote, hata chache zina faida. Mwenye maumivu ya kifua amwone daktari kwanza.

Yule mama hatukumwambia lolote la Pavlov. Tulimwomba radhi, kisha tukamwuliza anapita njia ipi, tukaona ni moja na yetu. Sasa kila Jumatano saa 11 jioni, baada ya kikao cha Umoja wa Mama, twarudi kwa miguu, dakika 25, na yeye ndiye aanzishaye nyimbo, hata kama mwendo wetu hauna budi kupungua. Juma la mvua kubwa hatukwenda. Wanaopenda kufuatana nasi, twaanzia mlango mkubwa wa kanisa.