Somo: Kufunga kisanduku cha kuongoza feni ya depo

Wandugu wakulima, mahindi yakipata unyevu yanaota ukungu, na sumu yake haitoki hata mukipika. Feni inasaidia tu kama hewa ya inje ni kavu kuliko ya ndani. Ndiyo maana tunaweka vipimo viwili, kimoja ndani, kimoja inje. Vinatuma habari bila waya, kipokezi kinaisikia, kisanduku kinawasha feni.

1. Mbele ya kugusa waya, ondoeni umeme: paneli kwanza, kisha batri.
2. Someni volti. Kisanduku cha volti 12 kinaweza kuungua mukikipa 24.
3. Waya mwekundu kwa +, mweusi kwa −. Fyuzi ikae kwenye waya wa +, karibu na batri.
4. Kipokezi kisifungiwe ndani ya sanduku la chuma, wala kisigusane na manjanja: chuma kinazuia redio. Kipigilieni kwenye ubao, antena isimame wima.
5. Jaribuni depo ikiwa imejaa na mlango umefungwa. Mimi nilijaribu ikiwa tupu; magunia yalipoingia, feni ikanyamaza.

Mwenye kushika ufunguo wa depo ndiye afundishwe kwanza.